Leonardo, okestra na kwaya nzima: kazi kubwa namna hii inatungwaje?

Pasaka ikifika huku kusini, kuanzia Mtwara mjini, Masasi, Ndanda mpaka Nyangao kule Lindi, lazima utasikia kwaya fulani inaipasua Haleluya ya mtunzi Handel, kinanda kimoja, waimbaji kama 30 hivi, na watu wanasimama. Inapendeza sana tu. Ila ule wimbo wa dakika nne ni kipande kimoja cha kazi inayoitwa Messiah (Masihi), inayochukua zaidi ya masaa mawili ukiipiga yote, ina solo, ina kwaya, ina okestra, na yule mpiga kinanda wetu pale kwenye kona anafanya kazi ya watu kibao ambao hawapo, violini ni yeye, tarumbeta ni yeye, chelo ni yeye. Sasa ukimwambia mwanakwaya kwamba kuna watunzi mpaka leo wanakaa wanaandika kazi za hivyo, tena sio za Biblia, ni za kumhusu mtu kama Leonardo da Vinci, mchoraji aliyekuwa pia anabuni mashine, swali linakuja moja: wanaanzia wapi?

Jibu langu ni kwamba wanaanzia kwenye mkasi, yaani kukata maneno, nota baadaye.

Stori tunayoipenda ni kwamba Handel aliandika kazi yake yote ile kwa siku 24, kuanzia Agosti 22 mpaka Septemba 14 mwaka 1741. Ni kweli, lakini stori hiyo inamruka jamaa mmoja anaitwa Charles Jennens, ambaye ndo alishakaa na Biblia yake akachomoa mistari huku Isaya, huku Zaburi, huku Ufunuo, akaipanga ikapata mwanzo na mwisho, ndo ikamfikia Handel. Kwa hiyo Handel alipokaa mezani swali la tunasema nini na kwa mpangilio gani lilikuwa limeshajibiwa. Hebu iangalie Haleluya yenyewe, dakika nne zote zile ni mistari mitatu ya Ufunuo, miwili ya sura ya 19 na mmoja wa sura ya 11, inarudiwa, inagawanywa kwa sauti nne (soprano, alto, teno na besi), inapandishwa, basi. Maneno yake yote unaweza kuyaandika kwenye kiganja.

Sasa mlete Leonardo. Kazaliwa 1452 kule Vinci karibu na Florence, Italia, kafa 1519 Amboise, Ufaransa. Picha zake zilizobaki ni chache mno, lakini madaftari yake yamebaki, zaidi ya kurasa 7,000, kaandika kwa mkono wa kushoto kutoka kulia kwenda kushoto, yaani mpaka uweke kioo ndo usome vizuri. Na ndani humo hakuna mpangilio, ukurasa mmoja una maji yanavyojikunja yakigonga mti, pembeni kuna mbawa, chini kuna mtu wa kumtafuta mjini, juu kuna mzinga wa vita. Hakuna Jennens aliyemtangulia mtunzi hapa. Ni kama kubangua korosho, gunia zima linaingia na unachobaki nacho ni kibaba, na hicho kibaba ndo kazi yako.

Wengi wanapokosea, kwa maoni yangu, ni kuchukua njia ya wasifu. Sehemu ya kwanza alizaliwa, ya pili akaenda kwa mwalimu wake Verrocchio, ya tatu akahamia Milan, ya mwisho akafa. Kwaya ikiimba hivyo inakuwa inasoma wasifu wa marehemu msibani, tena kwa sauti nne. Tarehe haziimbiki. Jaribu kuweka nota kwenye "mwaka elfu moja mia nne hamsini na mbili" uone alto watakavyokuangalia.

Kwa hiyo kabla ya mkasi kukata lazima uamue nani anaimba. Kwenye kazi nyingi za zamani solo ni mhusika na kwaya ni umati, au ni malaika, au ni waumini. Kwa Leonardo unaweza kumweka bariton (mwanaume wa sauti ya kati) asimame mbele awe ndo mzee mwenyewe, ni rahisi kueleweka, lakini kwaya yako inageuka kuwa wapambe wa kuitikia tu. Mimi ningeifanya kwaya nzima iwe kichwa chake. Sababu iko kwenye madaftari yenyewe, jamaa alikuwa na tabia ya kujiongelesha, anajiamuru. Eleza ulimi wa kigong'ota. Pima Milan na vitongoji vyake. Muulize Benedetto Portinari, kule Flanders (Ubelgiji ya leo) watu wanatembeaje juu ya barafu. Hizi ni kumbukumbu zake za kweli. Na ukiwa na waimbaji wengi wakiamriana hivyo, soprano wanadai hiki, besi wanadai kile, teno bado wako kwenye barafu, unapata kichwa kisichotulia bila kumuelezea msikilizaji chochote.

Bahati nzuri kwetu, amri za Kiswahili ni fupi na zina nguvu. Pima! Chora! Uliza! Silabi mbili tatu, mkazo uko ya pili kutoka mwisho, unaweka pigo zito hapo na kwaya inaruka yenyewe. Tabu inaanza kwenye sentensi ndefu, maana kitenzi chetu kimoja kinaweza kumeza kipimo kizima (kile kipande kati ya mistari miwili ya wima kwenye nota), na mtunzi asiyeangalia anajikuta pigo la kwanza limeangukia kwenye kiambishi na neno linasikika limevunjika mgongo. Hili kosa liko hata kwenye nyimbo zetu nyingi za Jumapili, tumezoea tu.

Kuna sentensi moja Leonardo alikuwa anaiandika tena na tena pembeni ya kurasa, hasa anapojaribu kalamu, *dimmi se mai fu fatta alcuna cosa*, anasema niambie kama kuna jambo lolote lililowahi kufanyika. Kwa mtu aliyeacha kazi nusu nusu maisha yake yote hiyo sentensi ni nzito, na kwa mtunzi ni kiitikio cha bure kabisa. Lakini ukiitafsiri nzima inakuwa ndefu hatari. Mkasi: "Niambie, lipi limekwisha?" Hapo umepata silabi kumi na zinarudiwa bila kuchosha. Au unaacha *dimmi, dimmi* kwa Kiitaliano kwa soprano na alto, wanaume wanaimba Kiswahili chini yake, kwaya zetu zinaimba Kilatini kwenye misa miaka yote na hakuna anayelalamika.

Angalizo dogo la wale watakaotaka kujaribu. Maneno ya Leonardo mwenyewe hayana mwenyewe tena, lakini tafsiri mpya zina wenyewe, usinyanyue tu kitabu kipya ukatia nota. Kuna mkusanyo wa Jean Paul Richter wa 1883 wenye Kiitaliano na Kiingereza, ni wa zamani na uko huru mtandaoni, unafanya tafsiri yako mwenyewe kutoka hapo.

Haya, sasa okestra, maana hapa ndo wengi tunapotea kwa kuwa hatuna okestra mitaani kwetu. Okestra kubwa ni kama watu 60 mpaka 100 na imegawanyika makundi manne. Kuna nyuzi, violini za kwanza na za pili, viola, chelo na besi kubwa, hawa ndo wengi kuliko wote. Kuna za kupuliza za mbao, filimbi, obo, klarineti, fagoti, kwa kawaida wawili wawili au watatu. Kuna shaba, yaani horni, tarumbeta, tromboni, tuba. Halafu vya kugonga, timpani (zile ngoma kubwa za okestra) na wenzake. Kila kundi lina tabia yake na waimbaji, na hii ndo sehemu inayomtenganisha mtunzi wa nyimbo na mtunzi wa kazi kubwa. Tromboni tatu zikipiga kwa nguvu zinaweza kuifunika kwaya nzima, unaona midomo inafunguka tu. Nyuzi zinaibeba kwaya. Klarineti ikipiga chini polepole kwaya inasikika kila neno. Obo na filimbi zikiwa sauti moja na soprano zinaongeza rangi, zikiwa juu zaidi zinavuta sikio la msikilizaji na maneno yanapotea.

Kwa hiyo sheria isiyoandikwa ni kwamba maneno muhimu yanaimbwa okestra ikiwa imepungua, na okestra inafoka kwaya ikiwa inavuta pumzi au inashikilia neno ambalo tumeshalisikia. Ndo maana tena maneno lazima yawe machache. Ukiwa na shairi la beti 12 hutapata nafasi ya kuiachia okestra, na kama huiachii, uliileta ya nini.

Kuna na hili la juu. Soprano akipita E au F ya juu kwenye stafu (ile mistari mitano ya nota), irabu zinaanza kufanana, i na u na e zote zinaelekea kwenye a, ni fizikia ya koo wala sio uvivu, sauti yenyewe inakuwa imeshapanda kuliko ule mlio unaotofautisha irabu. Mtunzi mzoefu hampi soprano "kumbukumbu" kwenye A ya juu. Anampa "bawa", au "anga", au neno ambalo alto na teno wameshalisema chini likaeleweka, yeye analichukua kulipeleka juu. Kiswahili kina faida hapa, silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, hakuna zile konsonanti tatu za mwisho za Kijerumani ambazo kwaya nzima lazima izikate pamoja.

Na waimbaji wanahitaji kupewa nota. Kwenye kinanda mwalimu anabonyeza doh, wote wanachukua. Kwenye okestra hakuna wa kubonyeza, kwa hiyo mtunzi anaificha nota ya teno kwenye horni au viola vipimo viwili kabla hawajaingia. Ukisikia kwaya imeingia kwa kujiamini baada ya fujo kubwa ya okestra, ujue kuna mtu aliwanong'oneza na wewe hukusikia.

Tukirudi kwa mzee, kuna kisa kimoja ambacho kimejiandikia mziki wake chenyewe. Huko Milan mtawala Ludovico Sforza alimpa kazi ya sanamu ya farasi wa shaba, mnyama mkubwa wa zaidi ya mita saba. Leonardo alifika hatua ya kutengeneza mfano wa udongo wa ukubwa kamili, ukaonyeshwa 1493, na akapanga namna ya kuyeyusha na kumimina. Shaba ikakusanywa, inatajwa tani kama 70. Mwaka 1494 Wafaransa wakaingia Italia, ile shaba ikapelekwa kutengeneza mizinga. 1499 jeshi la Ufaransa likaichukua Milan, wapiga mishale wakaugeuza ule udongo kuwa shabaha ya mazoezi. Yaani kundi zima la okestra linaitwa shaba na umeletewa stori ambayo shaba inatoka kuwa farasi inakuwa mzinga! Mtunzi anayeshindwa hapa aende akalime. Unaanza na horni nne zinaimba wimbo mrefu mzuri wa farasi, kwaya inahesabu uzito, kisha wimbo ule ule unaupeleka tromboni na timpani, nota zile zile ila zimekatwa katwa fupi fupi, na msikilizaji hahitaji kuambiwa kilichotokea.

Hapa naongeza jambo la kwetu. Mwaka 1505, karibu na wakati Leonardo anaandika kidaftari chake cha namna ndege wanavyoruka, Wareno chini ya Francisco de Almeida walikuwa wanaivamia Kilwa, wakaiteka na kujenga ngome pale kisiwani. Mtu wa Lindi akisikiliza sehemu ya mizinga hana haja ya kufikiria Milan. Sisemi ulazimishe Kilwa kwenye kazi ya Leonardo, hakuwahi kuhusika nayo, lakini kumbuka huyu bwana aliyekuwa ananunua ndege sokoni anawaachia waruke, kama anavyosimulia Vasari, mwandishi wa zamani wa maisha ya wasanii, ndo huyo huyo aliyemwandikia Ludovico barua ya kuomba kazi akijinadi kwa madaraja ya kivita, mizinga na magari ya kushambulia, uchoraji akauweka mwishoni kabisa. Kazi inayomsifia mwanzo mwisho ni uongo. Kwaya iimbe vyote viwili.

Na yeye mwenyewe alikuwa mwanamziki, hili halisemwi sana. Vasari anasema alipoenda Milan alibeba kinubi cha kupigwa kwa upinde alichokitengeneza mwenyewe, kikiwa na umbo la fuvu la farasi, kwa madini ya fedha. Alichora ngoma inayojipiga kwa magurudumu ukiisukuma. Alichora chombo chenye vibao kama vya kinanda ambacho magurudumu yake yanasugua nyuzi, kinatoa mlio wa violini nyingi, hakukijenga akakiacha kwenye karatasi, na mwaka 2013 fundi na mpiga piano wa Poland, Sławomir Zubrzycki, akakionyesha kimejengwa kinalia. Kuna na mafumbo aliyoyachora kwa kuchanganya picha na nota: unaona ndoano, halafu nota ya re, kwa Kiitaliano ndoano ni *amo*, ongeza re ukapata *amore*, mapenzi, anaendelea na sol, la, mi, fa mpaka sentensi inakamilika. Wanakwaya wa huku waliokulia kwenye tonik solfa (zile doh, re, mi) watalielewa hilo kabla profesa hajamaliza kulielezea. Na kwa mtunzi ni dhahabu, maana ni nota alizoziweka kwa mkono wake, unaweza kuzifanya mbegu ya sehemu nzima na hakuna atakayesema umemzushia.

Kitu ambacho sikipendi ni ujanja wa kioo. Kila mtunzi akisikia Leonardo aliandika kinyume anakimbilia kuandika wimbo unaosomeka mbele na nyuma, sauti moja inaenda inakutana na yenyewe inarudi. Mtunzi Bach alishafanya mwaka 1747 na kwenye karatasi ni raha kuangalia. Ila sikio halisikii nyuma. Msikilizaji wa kawaida pale ukumbini atasikia wimbo wa ajabu ajabu tu. Kama unataka kioo, gawa kwaya mbili, moja kushoto moja kulia, wajibizane, mtu ataona kwa macho.

Je, ngoma za sindimba zinaweza kuingia? Zinaingia, ila kuna kazi. Timpani inasoma nota na inasubiri mkono wa mwongozaji, mpigaji wetu wa sindimba anasikiliza mwenzake na mchezaji, ukimwambia asubiri vipimo 46 utakuwa umemuua. Njia inayofanya kazi ni kumpa mdundo wake auzungushe, mwongozaji anampa ishara ya kuanza na ya kuacha, na okestra ndo ihesabu. Na uwape sehemu inayowastahili, zile kurasa za maji kwa mfano, sio kuwaweka mwishoni ili ionekane ya Kiafrika.

Kuhusu kuandika kwenyewe, utaratibu ni huu: maneno yakishakatwa unachora ramani ya dakika, sehemu hii tano, ile tatu, kwaya peke yake hapa, okestra peke yake pale. Halafu unaandika mziki wote kwa mistari michache kama wa kinanda, ndo baadaye unagawa kwa vyombo. Ukianza kugawa mapema utajikuta siku nzima unapamba vipimo vinane ambavyo mwishowe unavifuta. Kwaya inapewa kitabu chake chenye sauti nne na kinanda kilichobana okestra yote, wanafanya mazoezi miezi bila okestra, na kwa huku kwetu weka solfa chini ya stafu, usione haya. Klarineti na horni ndo zinazowachanganya watu kwa sababu nota iliyoandikwa sio inayolia, klarineti ya B bapa ikisoma C inalia B bapa, horni ya F ikisoma C inalia F ya chini yake, lakini mtu wa solfa anajua doh inahama, kwa hiyo ni kitu kile kile. Programu ya kuandika nota inakufanyia hesabu hiyo. Walimu wengi walizoea Finale, ambayo wenyewe walitangaza kuisitisha Agosti 2024, MuseScore ni ya bure na inatosha kabisa.

Kilichobaki ni mwisho, na hapa kuna mabishano. Kidaftari cha ndege kina maneno kwamba ndege mkubwa ataruka kwa mara ya kwanza na kuijaza dunia mshangao, na karibu kila mtu atakwambia malizia hapo, kwaya yote juu, tarumbeta, matoazi, watu wasimame. Sawa, lakini hakuruka. Mimi ningemalizia na ukurasa mmoja wa uzeeni kabisa, yuko kwenye hesabu zake za maumbo, anaandika, anaandika, halafu anakatisha katikati, na kadhalika, kwa sababu supu inapoa. Kwaya iko kwenye wimbo mgumu wa amri zote zile, pima, chora, uliza, sauti nne zinapishana, alto wanatamka tu bila kuimba, "supu inapoa", na okestra inakatika kipimo hakijaisha. Hakuna mlio mkubwa wa kufungia. Tahadhari yake moja, mwongozaji ashushe mikono wazi wazi na ageuke, la sivyo wasikilizaji watakaa wanasubiri Amina mpaka MC achukue maiki.